Leteni Mizani Getini

Desemba iliyopita nilisimama kwenye ukingo wa Hall Tarns, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, nikitazama korongo lililokuwa chini yetu. Ziwa Michaelson lilionekana dogo kama kisahani, jeusi, na kutoka hapo Mto Nithi ulianza kuteremka kati ya kuta mbili za mwamba kuelekea nyumbani kwetu. Upepo ulikuwa mkali. Mwenzangu, mwanafunzi wa uzamili kama mimi, alipiga picha kadhaa, akashusha simu, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani: "Huku kweli hakuna mkono wa binadamu."

Nyuma yetu, hatua kama tano hivi, mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya mtungi wa gesi alioubeba tangu asubuhi. Alikuwa amevua gambuti moja na kulipindua ili kokoto zitoke.

Sikusema kitu. Pumzi ilikuwa imenipungukia, na nilikuwa na aibu ambayo sikutaka kuieleza mbele ya watu. Sasa niko chini, pumzi ipo, na nataka kusema.

Nitakachosema ni hiki: njia za kupanda Mlima Kenya, na hasa hii ya korongo la Nithi ambayo wengi wetu tunaiita nzuri kuliko zote, tunazipita kwa migongo ya watu ambao hatutaki kuwahesabu. Hatuhesabu kilo wanazobeba. Hatuhesabu siku zao. Tukirudi mjini na kusimulia safari, hatuwahesabu hata kama watu waliokuwepo. Tabia hii ina umri wa zaidi ya miaka 120 na ina damu ndani yake. Na sisi tuliosoma, tunaojiona tumeachana na ukoloni kwa sababu tumeandika insha kuuhusu, ndio tunaoiendeleza kila likizo.

Nianze na korongo lenyewe, maana mwenzangu hakukosea kulistaajabia.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Katika enzi za baridi kuu, barafu iliufunika kileleni ikateremka mabondeni, na ulimi wake ulifika zaidi ya kilomita moja chini ya mahali masalia yake yanapong'ang'ania leo. Barafu haikati mlima jinsi maji yanavyoukata. Mto hukata kama kisu, ukaacha bonde lenye umbo la V. Barafu husugua kama mtu anayesafisha sufuria lililoungua kwa mchanga: hung'oa mawe, huyakokota, kisha huyatumia mawe hayohayo kusagia mwamba ulio chini yake. Inapoyeyuka inaacha bonde lenye umbo la U, sakafu pana na kuta zilizosimama wima. Ukisimama kwenye mwamba unaoitwa The Temple na kutazama chini, unaiona U hiyo bila kuhitaji mwalimu. Vidimbwi vya Hall Tarns, ambako tulipiga kambi, ni mashimo ambayo barafu iliyachimba kwenye mwamba na kuyaacha yajazwe na mvua. Mto Nithi haukulichonga bonde hili kutoka mwanzo. Uliingia kwenye nyumba iliyokwisha jengwa, ukaongeza maporomoko yake, ukaendelea na safari.

Wakenya wengi wanaujua Nithi kwa jina la daraja. Ni lile daraja la barabara ya Meru ambapo magari hukosa breki kwenye mteremko, na ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Wachache wanajua kwamba maji yanayopita chini ya daraja lile yametoka kwenye ziwa hili tulivu, na kwamba yataingia Tana, yatapita ukame wote wa mashariki, na mwishowe yatafika Bahari ya Hindi. Mto huu unaunganisha mlima na Pwani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa fungua ramani ya mlima usome majina. Ziwa Michaelson. Ziwa Ellis. Hall Tarns. Maporomoko ya Vivienne. Bonde lenyewe, Gorges Valley. Upande wa pili kuna Shipton, Mackinder, Teleki, Hausburg. Barafu nazo zimeitwa Lewis, Gregory, Tyndall, Darwin. Mtu aliyezaliwa Chogoria, ambaye nyanya yake aliuita mlima huu Kirimaara na jirani yake Mkikuyu aliuita Kirinyaga, akifika huku juu hujikuta mgeni kwenye orodha ya wageni.

Najua utaniambia vilele vikuu vitatu vina majina ya Kiafrika: Batian, Nelion na Lenana. Ni kweli, ni majina ya viongozi wa Kimaasai. Lakini aliyeyaweka pale ni Mwingereza, Halford Mackinder, aliyekifikia kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Hata Uafrika wa majina hayo ulipita kwanza mezani kwake.

Katika masomo yangu ya jiografia, Mackinder ni mtu mkubwa. Tulisoma mhadhara wake wa mwaka 1904, ule uliomfanya aitwe baba wa siasa za kijiografia, tukabishana nusu ya muhula juu ya nani anatawala kitovu cha bara la Ulaya na Asia. Katika mabishano hayo yote, hakuna aliyesema kwamba miaka mitano kabla ya mhadhara ule bwana huyu alikuwa kwenye mlima ninaouona nikitoka nje ya mlango wa kwetu. Nilikutana na habari hizo peke yangu, nikitafuta jambo jingine.

Msafara wake uliondoka na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuongoza njia. Hesabu hiyo ina maana kwamba kwa kila Mzungu mmoja kulikuwa na watu zaidi ya 27 wa kumbebea, kumpikia na kumwonyesha njia. Chakula kilipungua. Wapagazi wawili Waswahili waliuawa na wenyeji katika kutafuta chakula hicho. Na katika karatasi za msafara imo orodha ya wapagazi ambamo kando ya majina manane kumeandikwa kwamba watu hao walipigwa risasi kwa amri. Wanane. Wanahistoria bado wanajadiliana ni nani aliyetoa amri. Kilicho wazi ni kwamba wanaume waliotoka Pwani kubeba mizigo ya watu wengine hawakurudi Pwani, na karani aliandika jambo hilo jinsi mtu anavyoandika kwamba gunia limetoboka.

Watu wawili walifika kileleni pamoja na Mackinder: César Ollier na Joseph Brocherel, wote kutoka Courmayeur katika milima ya Alps. Ollier alikuwa kiongozi wa kukwea. Brocherel alichukuliwa katika msafara kama mpagazi. Tazama ramani tena. Kuna barafu inayoitwa Cesar na kuna barafu inayoitwa Josef.

Kwa hiyo yule anayedai kwamba wapagazi ni wengi mno, kwamba haiwezekani kumpa kila mbeba mizigo jina mlimani, namjibu kwamba iliwezekana. Mpagazi mmoja wa mwaka 1899 alipewa mto mzima wa barafu. Wanane wengine walipewa risasi. Majina yao yalijulikana, yaliandikwa, yapo kwenye orodha. Ramani ndiyo haikuyataka.

Hapa kuna msomaji anayeanza kutulia. Anapenda makala yanapofika kwa mkoloni, kwa sababu mkoloni amekufa na hawezi kumuuliza chochote. Nakuomba usitulie. Turudi Desemba.

Tulikuwa sita, wote wanafunzi, wote tumechoka na tasnifu. Mmoja wetu alipata mtu wa kutupangia safari kwa bei nafuu, akaunda kundi la WhatsApp. Bei ilipokuja, ikaonekana bado ni kubwa. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba wapagazi sita ni wengi, watatu wanatosha. Mwingine akaandika: "Watu wa huko wamezoea." Mimi ni mtu wa huko. Nilizaliwa huko. Nilisoma ujumbe ule nikiwa ndani ya matatu, nikaweka kidole gumba.

Kidole gumba kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Maana mimi najua. Nilipomaliza kidato cha nne, nikingoja kuitwa chuo, nilipanda mlima mara mbili kama porta. Huko kwetu hatusemi mpagazi, tunasema porta, na ni kazi ambayo kijana huifanya akiwa na haraka ya pesa na mzee huifanya akiwa hana namna. Mara ya kwanza nilibeba gunia la viazi, trei mbili za mayai, na viti vinne vya kukunja. Viti vile sitavisahau. Havikuwa vizito sana, lakini miguu yake ya chuma ilinichoma ubavuni njia nzima, na kila nilipobadilisha upande nilikuwa nawaza kwamba nimepanda mita elfu moja ili mtu asikalie jiwe. Tukifika kambini, wageni walikuwa nyuma yetu saa nzima. Walipowasili tulikuwa tumesimamisha mahema na maji yamechemka. Mmoja wao aliuliza, kwa upole kabisa, kama sisi hatusikii baridi. Kiongozi wetu akamjibu kwamba sisi ni watu wa mlimani.

Usiku ule nilitapika hadi nikaona nyota. Hewa nyembamba ya mita 4,000 haikuulizi kitambulisho kimetolewa wilaya gani. Mtu akipanda haraka kupita mwili wake, maji huweza kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba, na anaweza kufa, awe ni mtalii aliyeruka kutoka ng'ambo au kijana aliyelala jana yake kwenye shamba la chai. Tofauti ni moja: mgeni akisema kichwa kinamuuma, safari nzima husimama. Porta akisema kichwa kinamuuma, anapoteza siku.

Basi Desemba, mizigo yetu ya watu sita ilipogawanywa kwa watu watatu, nilisimama kando nikitazama. Kulikuwa na mahema, jiko, mtungi, masufuria, chakula cha siku nne, na mikoba yetu ambamo kila mmoja alikuwa ameweka vitu ambavyo asingeviweka kama angevibeba mwenyewe. Mimi niliweka vitabu viwili. Sikuvifungua. Mizigo ile haikupimwa na mtu yeyote, na wa kwanza ambaye hakuipima ni mimi.

Waswahili wa Pwani, ndugu za wale wanane, wana methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sijui methali inayoeleza utalii wa milimani vizuri kuliko hiyo.

Yule mzee wa gambuti alinitambua usiku wa pili. Nilikuwa nimeingia kwenye hema la kupikia kutafuta maji ya moto, akasikia jinsi ninavyolitamka jina la kijiji chetu. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia. Akacheka, akasema anamjua baba, wanapeleka majani chai kwenye senta moja. Kisha akanyamaza. Nadhani alikuwa anajiuliza, kama mimi, ni kitu gani ambacho mtoto wa yule mtu anakifanya upande huu wa sufuria.

Nilimuuliza mzigo wake ni kilo ngapi. Akasema hajui. Akasema, "Kule senta karani huisoma mizani mbele yangu, na mimi naiona, na anaandika. Huku hausomi wewe wala mimi."

Kama hujawahi kuishi kwenye nchi ya chai, huenda hujui uzito wa maneno hayo. Kwetu tunapima kila kitu. Mama akichuma majani mawili na chipukizi lake tangu alfajiri, jioni gunia lake linaning'inizwa kwenye mizani, watu wote wakitazama mshale. Kilo moja ikipunjwa kuna kelele. Uzito wa gunia lenyewe ukikatwa zaidi ya inavyostahili, kuna mkutano. Wanasiasa wamechaguliwa na kukataliwa kwa sababu ya mizani ya senta. Maziwa yanapimwa. Miraa inahesabiwa kitita kwa kitita. Watu walewale wanaoweza kumkabili karani juu ya nusu kilo ya majani, wakivuka mpaka wa msitu na kuitwa maporta, wanabeba kitu ambacho hakina namba.

Kazi isiyo na namba haiwezi kutetewa. Ukisema mzigo ni mzito, utaambiwa wewe ni mvivu. Ukisema ni kilo 32, kuna jambo la kuzungumzia.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu niliyasikia kwenye kundi letu la WhatsApp na mengine niliyatoa mwenyewe.

La kwanza: wanaitaka kazi hiyo. Bila shaka wanaitaka. Mimi niliitaka. Mtu mwenye njaa anakitaka chakula chochote, lakini hilo halimpi mpishi ruhusa ya kumpikia mawe. Hakuna anayesema wapagazi wafukuzwe mlimani. Nasema mizigo yao ipimwe.

La pili: bei ikipanda, wanafunzi kama sisi hatutaweza kwenda. Hili linaniuma kwa sababu lina ukweli. Sisi si matajiri. Kuna mwezi nimekula githeri siku 26. Lakini tuliseme kwa ukamilifu wake. Tunachosema ni kwamba umaskini wetu ulipiwe na mtu aliye maskini kuliko sisi, ili tupate picha. Kama siwezi kumlipa mtu wa kunibebea, ninayo njia nyingine ya heshima: nibebe mwenyewe, niende siku chache, nilale chini zaidi, niishie Ziwa Ellis nirudi. Korongo halitahama. Limekaa pale tangu barafu ilipoondoka.

La tatu, na ndilo linalosemwa kwa uzuri zaidi: barafu inaisha, twende kabla haijaisha. Ni kweli inaisha. Kati ya mwaka 1934 na 2010 barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu ya Gregory imekwisha kutoweka. Wataalamu wanatarajia kwamba katika miaka michache ijayo mlima hautakuwa na barafu kabisa. Naihuzunikia. Yule mzee alinionyesha kwa fimbo mahali ambapo weupe ulikuwa unafika alipoanza kazi, na mkono wake ulikwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Lakini nimechoka na huzuni inayokwenda upande mmoja tu. Tumejifunza kulia kwa ajili ya barafu. Tunaweka picha yake na maneno ya kuaga. Anayetufikisha pale ili tukalie, magoti yake pia yanaisha, na hayo hayana mtafiti wala kipimo cha mwaka 1934.

Wengine wataniletea ile kauli nzuri ya wapenda mazingira: usiache chochote ila nyayo. Naikubali, nimeokota karatasi za biskuti za watu kwenye njia ile. Ila nataka kuuliza, nyayo za nani? Ukizitazama njia zinazopanda kandokando ya korongo baada ya mvua, utaona alama za viatu vya bei ghali, na kati yake alama za gambuti, za raba zilizokwisha soli, zimezama ndani zaidi. Zimezama zaidi kwa sababu waliozivaa walikuwa wazito zaidi. Udongo umepima. Sisi ndio tumekataa kusoma.

Sasa nataka nini? Sitaki makala yaishe kwa kuugua, kwa hiyo nitaorodhesha.

Nataka mizani kwenye kila geti la kupandia mlima. Mizani ya kuning'iniza, kama ya senta ya chai, ambayo mpagazi mwenyewe anaiona na kuisoma. Jambo hili halihitaji uvumbuzi. Kilimanjaro, kwa majirani zetu, mzigo wa mpagazi una kikomo kinachojulikana cha kilo 20, na getini kuna mizani. Yako malalamiko huko pia, watu hutafuta njia za kuikwepa, lakini angalau kuna kitu cha kukwepwa. Kilo ziandikwe kwenye karatasi, na nakala abaki nayo aliyebeba.

Nataka ujira wa siku wa mpagazi ubandikwe ukutani. Ada za kuingia hifadhini hutangazwa wazi, raia kiasi hiki, mkazi kiasi hiki, mgeni kiasi hiki, hadi shilingi ya mwisho. Pesa ya bustani inajulikana na kila mtu. Pesa ya mtu inanong'onwa kwenye simu. Ibandikwe kando ya ile nyingine, kwa maandishi ya ukubwa uleule.

Nataka kila kundi linalopanda, likiwemo la wanafunzi, liulizwe kabla ya kuruhusiwa: watu wako watalala wapi, na wamevaa nini miguuni? Kama jibu ni kwamba watalala kwenye hema la kupikia baada ya wewe kumaliza kula, rudi nyumbani ukajipange.

Na nataka majina manane. Sitaki kubadilisha jina la kila ziwa. Michaelson na abaki na ziwa lake, sina ugomvi na marehemu. Lakini mahali njia inapoanza, pawekwe kibao chenye majina ya wale Waswahili wanane, jinsi yalivyoandikwa kwenye orodha, na kando yake yasemwe mambo mawili: walikuja kubeba, na walipigwa risasi. Kiwekwe upande huu wa mashariki, ingawa wao walipitia upande mwingine wa mlima, kwa sababu ni upande huu ambao maji yake yanakwenda kwao. Nilisema nitaurudia mto. Kila tone linalotoka Ziwa Michaelson linafanya safari ambayo wao hawakuruhusiwa kuifanya.

Kuna watakaosema jambo hilo litaharibu starehe ya matembezi. Mtu amelipa, amekuja kutuliza akili, kwa nini akutane na maiti getini? Namjibu hivi. Tunapomsimulia mtoto kwamba Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963, tunajivuna, na ni sawa tujivune. Tumeshakubali, basi, kwamba mlima huu una historia na kwamba njia zake zinaweza kubeba maana kubwa kuliko mandhari. Hatuwezi kuichukua bendera tukaiacha orodha. Zote mbili zilipandishwa kwa miguu ya watu.

Siku ya mwisho, tulipofika barabarani, tulifanya kile ambacho makundi hufanya. Tulichanga bakshishi. Tulisimama mduara, mmoja wetu akatoa hotuba fupi, wapagazi watatu wakaimba, tukapiga makofi, tukapiga picha. Katika picha ile yule mzee yuko pembeni, nusu ya bega lake imekatwa. Niliitazama sana nilipofika Nairobi. Hakuna aliyekusudia kumkata. Aliyeishika simu alikuwa anajitahidi kuipata kona ya mlima iingie.

Nilimpigia simu baada ya wiki mbili. Namba nilipewa na baba. Nilitaka kuomba radhi lakini kwa lugha yetu neno hilo lilikuwa zito mdomoni, nikaishia kumuuliza habari za magoti. Akasema yako. Akasema kuna kundi linapanda Ijumaa, la watu wanane, limeomba wapagazi wanne. Nikamuuliza kama atakwenda.

"Nitakwenda," akasema. "Majani ya mwezi huu yamekuwa machache."

Baba ananiambia kwamba kwenye senta yao kuna mizani moja ya zamani iliyowekwa pembeni tangu walipoletewa mpya. Bado inafanya kazi, ila mshale wake unatetemeka kidogo. Nimeuliza bei yake. Nikiipata, Desemba ijayo nitapanda nayo hadi getini, nitaitundika kwenye mti ulio karibu, na mkoba wa kwanza kuning'inizwa hapo utakuwa wangu.